Makabati ya jikoni: namna ya kupaka rangi isiyobanduka, hatua kwa hatua

Picha ninazotumiwa zinafanana mno. Mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeupe miezi mitatu iliyopita, na pale karibu na mkono wa kufungulia rangi imebanduka kama ganda la kitunguu. Swali linalofuata huwa lilelile: "Safari hii ninunue rangi gani?"

Jibu langu huwakera wengi. Hata ile uliyonunua mara ya kwanza huenda ilikuwa nzuri. Iliwekwa juu ya mafuta.

Kabla hujaenda dukani, chukua ganda moja lililobanduka uligeuze. Upande wa chini ukiwa wa manjano na unanata kidogo, umepaka juu ya mafuta ya kupikia. Ukiwa laini na unang'aa kama kioo, hukupiga msasa. Likiwa limeng'oka na unga wa mbao, mbao ilikuwa na unyevu au inaoza. Ganda hilo ndilo litakalokuambia hatua ya kutilia mkazo hapa chini.

Tenga wiki nzima. Si kwamba utashinda kazini kila siku. Kuna siku utafanya kazi saa moja tu, muda uliobaki ni wa kukausha. Kopo la rangi yenyewe utalifungua siku ya tano. Asiyeweza kusubiri mpaka siku ya tano asianze.

## Vifaa

Kwa jiko la kawaida lenye milango minane na droo tatu:

- Praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi ya mwisho), lita 1. Ya kushika kwenye mbao iliyopakwa rangi zamani, na kama kabati ni la melamini lile laini linalong'aa, mwambie muuzaji hivyo. Lina praima yake.
- Rangi ya mwisho, lita 2: ya mafuta au ya maji ya kundi la enameli. Si ile ya maji ya ukutani.
- Thina inayolingana na rangi yako (soma onyo hapa chini).
- Msasa namba 120, 180 na 240, karatasi tatu kwa kila namba.
- Brashi ya inchi 2 yenye nywele laini, na rola ndogo ya sponji ya inchi 4 pamoja na trei yake.
- Puti ya mbao, na kisu cha puti.
- Magadi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, dodoki, ndoo mbili.
- Tepu ya karatasi, bisibisi, wembe mpya, kalamu ya wino mzito.
- Glavu za mpira, barakoa, na matambara ya pamba. Khanga iliyochakaa haina mpinzani, kwa sababu haiachi nyuzi.

Hesabu ya rangi ni rahisi. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 ni mita za mraba 0.28, pande mbili, 0.56. Milango minane inakaribia 4.5. Ongeza droo na fremu, unafika kama 7. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja (au koti moja, kama mafundi wengi wanavyosema). Mikono miwili ni mita 14, kwa hiyo lita 2 zinatosha na zinabaki kidogo. Kabaki hako usikatupe.

Onyo la thina. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Thina ya rangi ya magari ni kali, na ukiichanganya na rangi ya mafuta ya mbao itayeyusha rangi ya zamani iliyo chini, mlango ukunjamane kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mafuta ya taa nayo, ambayo wengi hutumia kwa sababu ni rahisi kupatikana, huchelewesha kukauka na kuacha utando unaonata kwa siku kadhaa. Petroli usiifikirie kabisa. Nunua tapentaini au thina iliyoandikwa kwenye kopo la rangi yako. Kama rangi ni ya maji, thina yake ni maji ya bomba.

Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali pasipo na mwanga, kama ndani ya kabati na nyuma ya milango. Si kosa la fundi wala la duka, ndivyo rangi hiyo ilivyo. Unayetaka weupe wa kudumu, chagua enameli ya maji. Usiyeipata, chukua rangi ya krimu tangu mwanzo, hutaona tofauti.

## Hatua ya 1: Chagua majira, toa gesi

Pwani, msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Wakati wa masika hewa imejaa maji, rangi inachelewa kukauka na ya mafuta hupoteza mng'ao. Ukilazimika kupaka msimu huo, fanya kazi kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, usipake jioni. Jioni baada ya mvua kuna adha nyingine: kumbikumbi. Huvutwa na taa, na kumbikumbi mmoja kwenye rangi mbichi huacha mabawa manne.

Toa mtungi wa gesi nje ya jiko, na ukae nje kila siku utakapotumia thina au rangi ya mafuta. Mvuke wa thina na rangi hiyo unashika moto. Pikia uani wiki hiyo. Fungua madirisha yote, na watoto wasilale chumba kinachopakana na kazi.

## Hatua ya 2: Vua milango, usipake ikiwa imening'inia

Kupaka mlango ukiwa mahali pake kunaonekana kuokoa muda. Matokeo yake ni michirizi ya rangi inayoshuka, bawaba zilizogandishwa, na kingo ambazo brashi haikufika. Kingo hizo ndizo maji yanakopitia baadaye.

Fungua skrubu, toa milango na droo. Kabla hujauweka mlango chini, andika namba mahali bawaba inapokaa, na namba hiyohiyo ndani ya fremu, kisha ziba zote mbili kwa kipande cha tepu. Milango huonekana sawa lakini si sawa. Seremala alirandia kila mmoja kulingana na tundu lake. Skrubu na bawaba za kila mlango ziweke kwenye mfuko wake wenye namba.

*Umefaulu hapa kama* mtu mwingine anaweza kurudisha milango yote bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 3: Osha. Halafu osha tena

Sasa tumefika penyewe.

Mafuta ya kukaangia hupaa na mvuke, hutua kwenye milango, hukauka, yakafunikwa na vumbi, yakafunikwa na mafuta mengine. Baada ya miaka mitano kuna ngozi nyembamba usiyoiona. Rangi haishiki mafuta. Hulala juu yake tu, na siku unapovuta mlango kwa mkono wenye unyevu, inaachia.

Kosa kubwa ninaloliona hata kwa mafundi wenye uzoefu ni kupiga msasa kwanza, kisha kupangusa. Msasa hauondoi mafuta. Unayasambaza na kuyasukuma ndani ya mikwaruzo, na huko hayatoki tena kwa kitambaa. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kuosha kwanza, msasa baadaye.

Twanga magadi, yale mawe ya kulainishia maharage, na uyeyushe vijiko vinne vya chakula kwenye lita 5 za maji ya moto. Ongeza sabuni kidogo. Magadi hugeuza mafuta kuwa kitu kinachokaribia sabuni, kikatoka na maji. Vaa glavu, yanaunguza ngozi. Usiyachanganyie kwenye sufuria ya alumini, yataila na kuitia weusi. Tumia ndoo ya plastiki.

Sugua kwa dodoki, mlango mmoja kwa wakati mmoja, ukikaza kuzunguka mkono wa kufungulia, kwenye ukingo wa juu, na milango miwili iliyo karibu na jiko. Steeluwaya usiitumie. Hukatika vipande vidogo visivyoonekana, na ukipaka rangi ya maji juu yake vitapiga kutu na kuchora madoa.

Suuza kwa maji safi kutoka ndoo ya pili, ukibadilisha maji kila milango mitatu. Magadi yakibaki kwenye mbao nayo huzuia rangi kushika, kwa hiyo kusuuza si jambo la heshima tu. Usimwagie maji, mbao za kiwandani za MDF na chipubodi huvimba na hazirudi. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha.

Rudia zoezi zima kwa ile milango ya karibu na moto. Ndiyo, mara ya pili.

*Umefaulu hapa kama* kitambaa cheupe chenye tapentaini kidogo, ukikipitisha kwenye mlango mkavu, kinabaki cheupe. Kikitoka na hudhurungi au manjano, rudi kwenye ndoo. Mimi mwenyewe jiko langu la kwanza nililipaka bila kipimo hiki, nikalirudia lote kabla ya mwaka kwisha.

Acha milango ikauke usiku kucha ikiwa imesimama.

## Hatua ya 4: Ziba mashimo, kagua mbao

Bonyeza mbao kwa ncha ya bisibisi chini ya sinki na kwenye kona. Ikizama, imeoza; rangi haitaiponya, badilisha kipande. Ukiona vitundu vidogo na unga mwembamba sakafuni, kuna wadudu ndani. Weka dawa kwanza na usubiri kama kopo linavyoelekeza.

Mashimo ya skrubu za mikono ya zamani yazibe kwa puti, ukiiacha ijae kidogo kupita kiasi kwa sababu hupungua ikikauka. Usipokuwa nayo, vumbi la mbao lililochanganywa na gundi nyeupe ya seremala linafanya kazi vizuri kwenye mashimo makubwa.

Kama mbao imeachwa wazi, aina yake ina maana. Paini za Mafinga na kwingineko zina vifundo vinavyotoa utomvu. Baada ya miezi michache utaona duara la manjano juu ya rangi nyeupe. Mninga hutoa wekundu. Mvule una kitu ndani yake kinachokataza rangi ya mafuta kukauka, na watu hulaumu rangi kumbe mbao ndiyo inayoigomea. Dawa ya zote tatu ni moja: mkono mmoja wa shelaki (vanishi ya spiriti inayozuia madoa) kwenye mbao iliyo wazi kabla ya praima.

## Hatua ya 5: Msasa

Lengo si kuondoa rangi ya zamani. Lengo ni kuondoa mng'ao ili praima ipate mahali pa kung'ata.

Rangi iliyobanduka ianzishie namba 120 mpaka ukingo wa ganda usihisike kwa kidole. Sehemu nyingine zote, namba 180. Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao bapa. Ukitumia vidole peke yake utachimba mabonde. Fuata mwelekeo wa nyuzi za mbao.

Kama nyumba ni ya zamani na hujui rangi ya chini ni ya miaka gani, chukulia kwamba ina madini ya risasi. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilitengenezwa nayo, na kiwango kinachopendekezwa leo na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, hakizidi sehemu 90 kwa milioni. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Katika hali hiyo tumia msasa wa maji, ukiuchovya mara kwa mara, fanyia kazi nje, kusanya tope kwa kitambaa na utupe vyote pamoja. Usifagie kwa ufagio mkavu, na usiunguze rangi hiyo kwa moto.

Pangusa vumbi kwa khanga yenye unyevu kidogo. Acha ikauke.

*Umefaulu hapa kama* mlango mzima umefifia, hauna hata sehemu moja inayong'aa ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

## Hatua ya 6: Praima, na jaribio la wembe

Chagua mlango mmoja, ule wa chini kabisa usioonekana, uutangulize: uoshe, upige msasa, upake praima siku ya pili asubuhi. Mingine isubiri.

Kesho yake chukua wembe, chora mistari mitano kwenda juu na mitano ya kukatiza, iliyoachana kama milimita 2, upate kitu kama wavu mdogo. Bandika tepu juu yake, ikandamize kwa ukucha, kisha ivute kwa haraka. Vyumba vya wavu vikibaki vyote mlangoni, endelea na milango mingine. Vikitoka na tepu, rudi kuosha na msasa, au badilisha praima. Afadhali upoteze mlango mmoja kuliko minane.

Kabati za melamini ndizo hufeli sana jaribio hili. Zikifeli mara mbili hata baada ya praima maalumu, usilazimishe, badilisha milango.

Laza milango juu ya vifuniko vya soda, meno yakitazama juu, vinne kwa kila mlango. Paka nyuma kwanza, kisha siku inayofuata geuza upake mbele. Sababu: alama za vifuniko zitabaki upande wa nyuma. Kingo za MDF hunywa praima kama ardhi kavu, zipe mikono miwili.

Ikikauka, pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi, kama unayepangusa meza tu, kisha ondoa vumbi.

## Hatua ya 7: Rangi ya mwisho

Koroga kopo kwa fimbo bapa kwa dakika tano, ukiinua kutoka chini. Usilitikise, utatia mapovu. Mimina kiasi kwenye trei na ufunike kopo.

Kwa mlango wenye paneli katikati, anza na mifereji kwa brashi, kisha paneli kwa rola, kisha mbao za kulala, malizia na za kusimama. Ukimaliza sehemu, pitisha ncha ya brashi karibu kavu mara moja, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, bila kukandamiza. Halafu ondoka. Rangi iliyoanza kushika ukiirudia na brashi itavutika na kuacha mifereji. Kasoro uliyoiona dakika kumi baadaye isubiri msasa wa kesho.

Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Rangi nene hukauka juu, ndani ikabaki mbichi, na ngozi ya juu ikakunjamana.

Kati ya mkono na mkono, rangi ya mafuta ipe saa 24 huku kwetu pwani hata kama kopo linasema 16. Ya maji, saa 4 hadi 6. Kila mara msasa 240 na kitambaa.

Ukiona vitundu vya duara ambavyo rangi inavikimbia, kuna mafuta, au mtu alipulizia dawa ya mende au polishi ya samani humo chumbani. Acha ikauke kabisa, piga msasa, osha pale tu, rudia. Kuongeza rangi juu yake hakusaidii.

Matambara yenye rangi ya mafuta usiyafinyange na kuyatupa pipani. Yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Yaanike uani yakiwa yamekunjuliwa mpaka yakakamae.

## Hatua ya 8: Fremu na skatingi, pamoja na bafuni

Fremu za makabati paka wakati milango inakauka, kwa utaratibu uleule. Tepu ya karatasi ing'oe rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiivuta kwa pembe. Ukiingoja ikauke itatoka na ukingo wa rangi yako.

Bafuni kuna mambo mawili tu ya kuongeza. Kwanza, ukingo wa chini wa mlango. Karibu kila mlango wa bafu unaovimba ninaouona haukupakwa rangi pale chini, kwa sababu hakuna anayepaona. Uvue mlango, geuza, upake pale mikono mitatu. Pili, silikoni. Ile inayozibia kati ya skatingi na vigae haipokei rangi kabisa. Ikwangue yote na uweke kizibo cha akriliki mahali rangi itakapopita. Silikoni mpya iweke mwisho, baada ya rangi kukauka.

## Hatua ya 9: Kusubiri

Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Rangi ikikauka hainati kidoleni. Ikikomaa ndipo inapostahimili ukucha na kitambaa chenye sabuni, na hilo huchukua wiki tatu hadi nne.

Rudisha milango baada ya siku tatu tangu mkono wa mwisho, wiki nzima kama ni rangi ya mafuta. Bandika vipande vidogo vya mpira au sponji ndani ya kona ambazo mlango hugusa fremu, vinginevyo vitagandana na utang'oa rangi siku ya kwanza. Usipange vyombo vizito ndani ya kabati kwa wiki hiyo. Mwezi wa kwanza safisha kwa kitambaa chenye maji matupu.

*Umefaulu* kama baada ya mwezi ukikwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana rangi haipati alama.

Kile kilichobaki kwenye kopo kimimine kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae mpaka karibu na mdomo ili hewa isibaki, uandike jina la rangi, namba yake na tarehe. Kabati lililo karibu na jiko litagongwa na sufuria siku yoyote. Siku hiyo osha pale, gusa kwa msasa, na umalize kwa brashi ya kuchorea ya mtoto.